Enesia, Umempa Ombeni Tunduma

Enesia mwanangu,

Hakuna lori lililovuka mpaka huu wa Tunduma kwenda Zambia ambalo halijapita mikononi mwangu. Mimi nikiugua wiki moja tu, Lusaka watakosa sukari, Lubumbashi watakosa saruji, na serikali mbili zitaitisha kikao. Hilo unalijua, umelisikia tangu ukiwa mdogo. Madereva wenyewe wanaambiana huko njiani: ukifika Tunduma, kabla hujaenda forodhani, kamsalimie kwanza yule fundi wa matairi pale foleni inapoanzia. Wazambia wakiniona wanavua kofia, "mulishani ba fundi", na mimi nawaitikia taratibu kwa sababu nina wengi wa kuwaitikia.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye uliyemuuza leo mchana, mbele ya baba yako mzazi, pilau ikiwa bado mdomoni.

Sikuandikii habari za blanketi, wala dawa ya malaria, wala kutokula vya barabarani. Mama yako mdogo amekwisha kukwambia hayo yote, tena amerudia mpaka mimi mwenyewe naweza kwenda kuishi chuoni Tabora badala yako nikanenepa. Nakuandikia lililo moyoni. Ningelisema kwa mdomo ningeanza kupandisha sauti, na wageni wa Ihanda wamejaa sebuleni, watasema ndivyo tunavyoishi mjini.

Nianze mbali kidogo, ili uone ulichokivunja.

Ulikuja kwetu kutoka kijijini Ihanda meno ya mbele yakiwa yameng'oka. Kaka yangu, baba yako, alisema shule za huku ziko karibu na barabara, mtoto hatatembea porini. Mimi nikamwambia mlete, kwangu hata kuku wanajua kusoma. Ukaja. Ukakataa kula. Ukakataa kuongea. Ulikuwa unasimama mlangoni umeshika fremu kama abiria anayesubiri kushushwa. Mama mdogo akakuimbia nyimbo za kanisani, hakuna kitu. Akakununulia andazi, ukalishika mpaka likakauka.

Jioni moja nikarudi kazini na kitu nilichopewa na dereva mmoja wa Kongo, ambaye alikaa foleni mpaka akaota ndevu. Nikakitamka huku navua viatu, sikuwa na nia yoyote. Nikasema: mtu wa Isongole ana mbwa, kuku na debe la mahindi, anataka kuvuka mto aende akauze upande wa Malawi. Mtumbwi unabeba yeye na kimoja tu. Akiwaacha mbwa na kuku, mbwa anamla kuku. Akiacha kuku na mahindi, kuku anakula mahindi. Atavuka vipi?

Wewe ukatoka mlangoni. Ukachukua kiatu changu, kikawa mbwa. Kijiko kikawa kuku. Kikombe kikawa mahindi. Ukingo wa mkeka ukawa mto. Ukakaa pale unavusha na kurudisha, unavusha na kurudisha, mpaka ugali ukapoa. Halafu nikasikia sauti yako kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba hii.

"Bamdogo, kurudi na kuku inaruhusiwa?"

Nikasema inaruhusiwa.

"Basi ameshavuka," ukasema, ukavuta sahani, ukala ugali wa baridi wote na mboga yangu mimi.

Kuanzia siku ile nilikuwa na mtoto.

Watu wanadhani foleni ya malori ni adha. Mimi nawaambia foleni ndiyo chuo chenyewe. Mtu aliyekaa siku kadhaa ndani ya kichwa cha lori anafika mahali anaongea na usukani. Ndipo mafumbo yanapotoka. Wa Ndola ana lake, wa Harare ana lake, wa Dar ndio usiseme. Nikaweka sheria pale kwangu: ukitaka tairi lako lizibwe vizuri, mbali na malipo, uniachie na fumbo la hesabu. Asiye na fumbo namhudumia, lakini namhudumia kwa huzuni. Kuna mmoja aliniachia fumbo zito mpaka jeki ikapinda, shahidi ninaye, ila alihamia Kasama.

Na kila nililolipata nilikuletea wewe. Wenzangu wakirudi nyumbani wanaleta nyama, mimi naingia mlangoni nasema, "Wafungwa watatu wamevalishwa kofia," na wewe unaacha kuosha vyombo. Mama mdogo alikuwa analalamika kwamba masufuria yake yanaungua kwa ajili ya kofia za watu ambao hata hawapo.

Tukaweka sheria kama za bibi yako kule Ihanda. Yeye alitulea na vitendawili, na kwake anayeshindwa alitoa mji. Anayetega anaupokea ule mji, anatamba nao kidogo, anausifia au anauponda, halafu ndipo anatoa jibu. Sisi tukaipeleka sheria hiyo kwenye hesabu. Ulinipa Mbeya. Ulinipa Makambako na Iringa. Mimi nikakupa Kigoma, nikakupa Mwanza na ziwa lake. Hiyo Tabora unayokwenda kusomea ualimu ni mali yangu halali, ulinipa ukiwa darasa la sita, kwa hiyo ukifika waambie umetumwa na mwenyewe.

Miji miwili tu ilikuwa haitolewi. Ihanda, kwa sababu bibi amelala pale. Na Tunduma, kwa sababu mama mdogo alisema tukitoa Tunduma yeye atapikia wapi. Tukacheka, tukakubaliana. Hatukuandika popote. Mambo ya kweli ndani ya nyumba hatukuwa tunayaandika.

Unakumbuka ile Lusaka? Tulikuwa tumekwenda Ihanda msimu wa kahawa, baba yako ameanika kwenye vichanja, na sisi tunachambua mbovu. Nikakutegea: madebe tisa ya kahawa yanafanana, moja limechanganywa mawe, ni zito kuliko mengine. Una mizani ile ya kuning'iniza pande mbili. Unaruhusiwa kupima mara mbili tu. Lipate. Ulihangaika mpaka baba yako akakwambia uache, unamchanganyia kahawa. Ukakasirika, ukatupa punje, ukasema, "Chukua Lusaka." Nikatembea na Lusaka yangu kijiji kizima. Halafu nikakwambia: weka matatu huku na matatu huku, matatu yaache chini. Utajua zito liko kwenye kundi gani. Katika lile kundi weka moja huku na moja huku. Ukabaki umeduwaa na kahawa mkononi. Hiyo sura yako ya siku ile nimeishi nayo miaka.

Sasa tuje kwenye leo.

Watu walikuja kukuaga, ikawa vizuri. Kaka yangu kavaa koti lake. Mchungaji kaomba, kafupisha kwa sababu ya harufu ya pilau. Mama mdogo kamwalika na Ombeni, wanaimba naye kwaya. Ombeni ni kijana mzuri, sisemi vibaya, ni wakala wa forodha, anavaa tai hata kwenye vumbi la lori. Ila ana tabia moja: hawezi kukaa mahali nilipo bila kunipima. Mimi nilikuwa nimeshawasimulia wageni jinsi nilivyozima moto wa lori la mafuta kwa kofia, akadakia akasema mzee, wewe unasifika kwa mafumbo, nikutegee moja?

Nikamwambia tega.

Akasema lori limetoka Tunduma kwenda Mlowo, tuseme ni kilomita sitini, tusibishane. Kwenda limekwenda kwa mwendo wa thelathini kwa saa. Dereva anataka safari yake nzima, kwenda na kurudi, wastani wake uwe sitini kwa saa. Arudi kwa mwendo gani?

Hakuna mtu ndani ya chumba kile aliyekuwa na haki ya kujibu swali la lori kabla yangu. Nikasema tisini. Sikungoja hata atue kijiko.

Akatabasamu. Akasema hapana mzee, jaribu tena au toa mji.

Nikamweleza, tena kwa upole. Thelathini ya kwenda, tisini ya kurudi, jumla mia na ishirini, gawa kwa mbili, sitini. Hiyo ni hesabu ya mtoto. Akasema hapana. Wageni wakaanza kunong'ona. Kaka yangu akanitazama kama anavyonitazama tangu utotoni. Ndipo nikageuka kwako. Wewe ndiye mwenzangu. Miaka yote hii, ndani ya nyumba hii, tumekuwa upande mmoja dhidi ya madereva wa Afrika nzima.

Nikasema, "Enesia, mwambie huyu."

Na wewe ulikuwa na jibu. Usinibishie. Nakujua ukishapata jibu: unaacha kutafuna. Ulikuwa umeacha kutafuna tangu Ombeni anasema "tusibishane". Nikakaa nasubiri, hata nikajiegemeza kwenye kiti, nikijua sasa mwanangu anammaliza.

Ukatazama sahani. Ukasema, "Tumeshindwa, kaka Ombeni. Tunakupa Tunduma."

Mwanangu, sauti niliyoisikia kichwani ni ile ya tairi linapoachia upepo wote kwa mkupuo.

Mama mdogo alishika mdomo, yeye alikumbuka. Wengine wakapiga vigelegele, hawajui ni nini kimetolewa. Ombeni akaupokea mji kwa mikono miwili, mjinga yule, akatamba nao. Akasema, "Nimefika Tunduma, nimekuta mzee mmoja anaziba matairi, nimemwambia asiwe na wasiwasi, nitamwachia kibanda chake." Watu wakacheka. Baba yako akacheka mpaka akakohoa. Halafu Ombeni akatoa jibu, kwamba haiwezekani. Ati kwenda na kurudi ni kilomita mia na ishirini, kwa wastani wa sitini zinatakiwa saa mbili, na dereva ameshazimaliza zote mbili kwenye kwenda. Muda wa kurudi haupo. Labda lori lipae, akasema. Nikatikisa kichwa, nikasema aah, hilo nalijua, nilikuwa nakupima. Nikatoka nje.

Ulinifuata nyuma ya nyumba, pale kwenye pipa la maji. Najua unayakumbuka tuliyosema, lakini nayaandika ili uone jinsi yalivyoingia kwangu.

"Ulikuwa unajua," nikakwambia.

"Nilikuwa najua, Bamdogo."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungekuwa umekosea peke yako. Mbele ya baba. Nikitoa mji tunakuwa tumeshindwa wote wawili."

"Na ukaona utoe Tunduma."

"Ningetoa mji mdogo wangejua nakuficha."

Ulivyo na akili, hata usaliti wako una hesabu ndani yake. Kisha likanijia swali ambalo bora lisingenijia. Nikakuuliza kuhusu Makambako.

Ukaangalia viatu vyako.

Nikauliza Iringa. Ukaanza kuchezea mfuniko wa pipa. Nikauliza Tabora, ukasema mama mdogo anakuita, na mama mdogo alikuwa hajaita mtu.

Halafu ukasema, kwa ile sauti yako ndogo ya zamani, "Lusaka ilikuwa ya kweli. Ile kahawa sikuipata kabisa."

Nikakwambia kesho nina lori la kushughulikia asubuhi, sitafika stendi. Nikaondoka nikakuacha pale.

Nimekaa na jambo hili tangu wakati ule. Mtu anaishi miaka akidhani ana miji nusu ya nchi, anatembea nayo barabarani, anawaamkia watu nayo, kumbe ana mmoja tu, tena uko nchi ya watu. Hilo ndilo linalouma kuliko Ombeni. Ombeni atasahau, kesho kutwa atakuwa anahangaika na makaratasi ya makontena. Lakini mimi nitawezaje tena kusikia mtu amesema "Makambako" nikabaki kama nilivyokuwa? Wewe ulikuwa unakaa mbele yangu, una jibu mdomoni, unalimeza, unanipa mji, na mimi naruka na kucheza. Mtu mzima. Ulikuwa unaniangalia vipi wakati ule, Enesia? Nakuuliza kweli.

Nimejaribu kukumbuka ulianza lini. Nimerudi nyuma mji kwa mji, na kila nikirudi naishia kwenye ile saa.

Ulikuwa darasa la tano. Nilikutegea: mshale mkubwa na mshale mdogo wa saa inakutana mara ngapi ndani ya saa kumi na mbili? Mimi jibu langu lilikuwa kumi na mbili. Wewe ukasema kumi na moja. Nikakwambia haiwezekani, masaa ni kumi na mawili. Ukasema kumi na moja, Bamdogo, ngoja nikuoneshe. Nikaishusha saa ya ukutani ili nikuumbue kwa ushahidi, nikawa nazungusha mishale kwa kidole na kuhesabu kwa sauti, na nilipofika kumi na moja nikaona inagoma kufika kumi na mbili, nikazungusha kwa nguvu, ikakatika. Nikasema saa za siku hizi hazina maana. Sikula nanyi jioni ile. Wala kesho yake sikukuletea fumbo lolote, nikapita moja kwa moja kama mpangaji. Ulikuja ukasimama mlangoni umeshika fremu, kama ulivyokuwa unafanya ulipotoka Ihanda.

Makambako ulinipa wiki ile ile.

Kwa hiyo sisemi kwamba ulijifundisha mwenyewe. Mtoto mdogo alipiga hesabu yake, akaona Bamdogo akishinda nyumba inacheka, akishindwa nyumba inanyamaza, akachagua. Ningekuwa mimi ningechagua vilevile. Lakini ningejua, mwanangu, ningekubali kunyamaza siku mbili kila wiki, nikavunja saa zote za Tunduma, kuliko kucheza miaka yote hiyo peke yangu nikidhani tuko wawili. Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilikuwa nacheza, wewe ulikuwa unanilea.

Unakwenda kuwa mwalimu wa hesabu. Utasimama mbele ya watoto wa watu, na watakuwepo wa aina yangu. Anayenyoosha mkono kabla swali halijaisha, anayejibu kwa sauti kubwa, ambaye kaptula yake ina kiraka lakini anakwambia baba yake ana ndege. Utamwonea huruma. Utataka kumwachia. Mimi ningekuwa yule mtoto darasani kwako, ningetaka uniambie nimekosea, halafu usiondoke. Ubaki pale ubaoni mpaka ninune, nimalize kununa, nikuulize. Hayo ndiyo ninayojua kuhusu ualimu, na sikuyasomea.

Na wewe mwenyewe huko, usizoee kumeza majibu. Utakutana na wakubwa, na wanaume hasa, wanaoongea kama mimi. Ukishazoea kuwapa miji watachukua, hawatauliza ilitokea wapi. Mimi sikuuliza. Watakuona mpole, watakusifia kwa upole wako, na akili yako itakaa ndani kama kahawa iliyosahaulika ghalani. Mimi nakupenda kwa zile kelele ulizokuwa unapiga ulipokuwa hujanihurumia bado. Ulikuwa unaruka juu ya kitanda unasema, "Mwanza yangu, Mwanza yangu," mpaka jirani akauliza kama tumepata msiba.

Bado nina hasira. Nisikudanganye kwamba nimeandika mpaka zimeisha, hazijaisha. Tunduma imekwenda, na itabidi irudi kwa njia iliyo halali: utafute fumbo huko Tabora, gumu mpaka Ombeni alegeze tai, uje nalo likizo tumtegee sisi wawili. Na mimi siku hiyo nitakaa kimya, utajibu wewe.

Hilo lori nililokwambia la kesho asubuhi halipo. Nitakuwa stendi kabla ya basi lako, nitabeba lile begi kubwa, na mtu akiuliza nitasema nimekuja kukagua matairi ya basi, maana bila mimi kuyakagua haliwezi kutoka.

Ila njoo mapema kidogo, mwache mama mdogo na baba yako waje nyuma. Kuna jambo nataka unieleze tukiwa peke yetu, taratibu, hata kwa kiatu na kijiko ikibidi. Pale mezani nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kwenye pipa la maji nilikugombeza kama mtu aliyeelewa. Tangu wakati ule nimelipiga lile fumbo kwa kalamu, kwa maharage, kwa vidole. Thelathini ukijumlisha na tisini ni mia na ishirini, ukigawa kwa mbili, Enesia, mimi bado napata sitini.

Bamdogo wako